Unaunda gari upya? Jua kama gia boksi yako ya otomatiki inahitaji waya wa kikidauni

Umepata bodi ya zamani, umeweka injini ya V8, umefunga gia boksi ya otomatiki na gari linawaka. Ukiinama chini unaona ubavuni mwa gia boksi kuna mkono mdogo, au tundu la waya, ambalo halijaunganishwa na kitu chochote. Fundi mmoja anakwambia achana nalo, gari litatembea tu. Mwingine anakwambia ukitoka nalo hivyo barabarani, gia boksi huna.

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Inategemea ni gia boksi gani iliyo chini ya gari lako.

Kikidauni ni nini?

Ukiwa unataka kuovateki, unakanyaga mafuta mpaka chini. Gia boksi inashuka gia moja, injini inapanda mzunguko na gari linachomoka. Hicho ndicho kikidauni. Kwenye gia boksi za zamani zisizo na kompyuta, taarifa kwamba umekanyaga mpaka mwisho hupelekwa kwa waya, kwa fimbo ya chuma au kwa swichi ya umeme.

Tatizo ni kwamba mafundi wengi huita kila waya unaotoka kwenye kabureta kwenda gia boksi "waya wa kikidauni". Kumbe kuna waya zinazofanya kazi kubwa zaidi ya hiyo. Zinaiambia gia boksi injini inavuta kwa nguvu kiasi gani, ili ipandishe presha ya mafuta inayobana klachi. Ukiukosa waya wa aina hii, unakosa presha. Klachi zinateleza, zinapata moto na kuungua.

Zinazoweza kutembea bila waya

GM TH350: Hii ni ya gia tatu. Presha yake na muda wa kubadili gia huongozwa na kifaa cha vakyumu chenye mpira mwembamba wa kupitisha hewa kutoka kwenye manifoldi. Waya wake ni wa kikidauni pekee. Usipoufunga, gari litatembea na gia zitabadilika kawaida, ila ukikanyaga mpaka chini haitashuka gia yenyewe. Utashusha kwa mkono. Tundu la waya lazima lizibwe vizuri, la sivyo mafuta yatavuja.

GM TH400: Haina waya wala fimbo ya kikidauni. Inatumia swichi kwenye pedali au kabureta inayopeleka umeme wa volti 12 ndani ya gia boksi. Bila swichi unapoteza kikidauni tu.

Ford C4 na C6: Nazo zina kifaa cha vakyumu, na fimbo yao ni ya kikidauni. Bila fimbo zinatembea.

Angalizo: kwenye gia boksi hizi, kitu cha kuogopa ni mpira wa vakyumu. Ukichomoka au ukipasuka, gia zitachelewa kupanda na zitagonga kwa nguvu. Na ngozi ya ndani ya kifaa hicho ikitoboka, injini itafyonza mafuta ya gia boksi na kutoa moshi mweupe. Wengi hukimbilia kufungua injini bure.

Zisizotaka mchezo

GM 700R4 na 200-4R: Hizi ni za gia nne, na zinapendwa sana kwenye magari ya kuundwa upya kwa sababu gia ya nne inapunguza mzunguko wa injini kwenye safari ndefu. Hazina kifaa cha vakyumu. Zina waya unaoitwa TV, na hapa TV haina uhusiano na televisheni: ni kifupi cha Kiingereza cha valvu ya throto. Waya huo ndio unaoamua presha. Ukiendesha bila huo, au ukiwa umelegea, klachi zinaweza kuungua ndani ya safari fupi. Kwenye 700R4, klachi za gia ya tatu na ya nne ndizo huanza kufa.

Ford AOD: Inatumia fimbo au waya wa TV kwa kazi hiyo hiyo. Usiiendeshe bila huo.

Chrysler TorqueFlite 727 na 904: Mafundi huita fimbo yake kikidauni, na jina hilo limewaponza wengi. Fimbo hiyo inaongoza presha pia. Ukiiacha ikining'inia, gia zitapanda mapema mno, klachi zitateleza, na gia boksi itaungua.

Wapo wanaofunga mkono wa TorqueFlite kwa waya ili ukae mwisho muda wote. Presha inakuwepo, lakini gia zinachelewa sana kupanda na zinagonga. Gari la mtaani halitaendesheka vizuri hivyo.

Kuwepo hakutoshi, pima

Hapa ndipo waliofunga waya wao nao huumia. Kabureta ya Holley au Edelbrock haivuti waya wa TV kwa kipimo kile kile cha kabureta ya awali ya gari. Waya unaweza kuonekana umefungwa vizuri huku presha ikipanda kwa kuchelewa. Inatakiwa bracketi na kipande cha kurekebisha pembe ya mkono wa kabureta, vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

Kisha fanya hivi:

1. Zima injini. Mtu akanyage mafuta mpaka chini. Kabureta iwe wazi kabisa na waya wa TV uwe umevutwa mpaka mwisho kwa wakati mmoja.
2. Achia pedali. Kabureta irudi yenyewe bila kukwama. Waya unaozuia mafuta kurudi ni hatari ya ajali.
3. Funga geji ya presha kwenye gia boksi. Kipimo cha geji ndicho cha kuamini, si hisia ya dereva.
4. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta, unuse. Mafuta yaliyogeuka rangi ya kahawia na kunuka kuungua yanaonyesha klachi zimeshaanza kwisha.

Toyota pia zimo

Jambo hili haliko kwenye V8 za Marekani pekee. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zenye gia boksi za familia ya A340 zina waya kama huo kutoka kwenye throto, hata zile zinazobadili gia kwa umeme. Anayebadili injini akauacha waya umening'inia anaingia kwenye hasara ile ile. Kwenye waya wa Toyota kuna kizuizi kidogo cha chuma: throto ikiwa wazi kabisa, nafasi kati yake na mwisho wa kifuniko cha mpira iwe kati ya milimita 0 na 1.

Nani hahitaji kabisa?

Gia boksi iliyobadilishwa ndani ili ibadilishe gia kwa mkono tu, kama za magari ya mashindano, kwa kawaida haihitaji waya. Nazo za kompyuta, mfano 4L60E, hazina waya wa TV, lakini zinahitaji kompyuta na sensa ya throto. Ukiiweka nyuma ya kabureta, andaa bajeti ya vyote viwili.

Kwa hiyo kabla hujasikiliza ushauri wa mtu yeyote, soma namba ya gia boksi yako kwanza. Kama presha yake inaongozwa na vakyumu, waya wa kikidauni ni wa kukupa raha ya kuovateki. Kama inaongozwa na waya au fimbo, gari lisitoke hata getini kabla havijafungwa na kupimwa.