Swali na Toleo Lake: Historia ya Hojaji za Misaada Mjini Goma

Vita, uhamaji na misaada ya miongo mitatu vimeufanya mji wa Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini, kuwa miongoni mwa miji ambayo wakazi wake wameulizwa maswali mengi mno. Chombo kilichotumika ni hojaji, yaani orodha ya maswali yanayoulizwa watu wengi kwa namna ileile ili majibu yao yaweze kulinganishwa. Chombo cha pili, kisichotajwa sana, ni udhibiti wa matoleo, yaani utaratibu wa kuhifadhi kila badiliko la andiko pamoja na tarehe yake na jina la aliyelifanya. Hojaji hutunza walichosema wananchi na udhibiti wa matoleo hutunza walichofanya waandishi, lakini historia ya Goma inaonyesha kwamba cha kwanza hakiaminiki bila cha pili, kwa kuwa jibu lililotenganishwa na maneno halisi ya swali lake halifai kuwa ushahidi.

Chanzo ni Julai 1994. Katika siku chache za katikati ya mwezi huo, Wanyarwanda wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia Goma, wakawekwa katika kambi kama Kibumba, Katale na Mugunga, juu ya miamba ya volkano ambamo kuchimba vyoo na visima kulikuwa kazi ngumu. Kipindupindu kikazuka, kisha ugonjwa wa kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza wakafa watu karibu 50,000. Wataalamu wa magonjwa ya milipuko walihesabu maiti, wakapita pia katika vibanda wakiuliza kila kaya ni nani aliyekufa na lini, ingawa idadi ya walio hai, ambayo bila hiyo kiwango cha vifo hakikokotoleki, ilibaki ya kukisia. Maswali hayo yalikuwa ya lazima na yaliulizwa kwa ujasiri mkubwa, lakini hayakukusudiwa kumpa mkimbizi nafasi ya kusema kama huduma ilimfikia, katika kambi ambazo mgao wa chakula ulipitia mikononi mwa viongozi walewale waliomtawala kwa hofu.

Tathmini ya pamoja ya wafadhili na mashirika, iliyochapishwa mwaka 1996, iliukosoa vikali msaada huo. Ukosoaji huo uliuchochea mradi wa Sphere, ulioanzishwa mwaka 1997 ili kuweka viwango vya chini vya maji, chakula, afya na malazi, na hatimaye Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu cha Desemba 2014, kinachoyataka mashirika yapokee malalamiko ya wanaosaidiwa na kuyajibu. Hivyo utafiti wa kuridhika kwa wateja, ambao katika biashara ni njia ya kumbakiza mnunuzi, katika misaada uliingia kama deni, na sehemu kubwa ya deni hilo ilitokana na vifo vya Goma.

Programu iliyokuja kutumiwa mno kwa kazi hiyo ina asili katika eneo lilelile. Phuong Pham na Patrick Vinck, watafiti walioendesha tafiti za maoni kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo katika miaka ya 2000, waliibuni KoboToolbox ili mhojaji aweze kujaza fomu kwenye kifaa cha mkononi, aihifadhi humo bila mtandao, kisha aitume atakapoupata. Walijenga juu ya ODK, programu huria ya Chuo Kikuu cha Washington iliyoanza mwaka 2008, na msimbo wa programu zote mbili, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, hutunzwa hadharani kwa Git, mfumo wa udhibiti wa matoleo ambao Linus Torvalds aliuunda mwaka 2005.

Historia iliyomo katika hazina ya Git, yaani kumbukumbu ya matoleo yote ya mradi, inaweza kusomwa kwa programu nyingi: baadhi huendeshwa kwa amri zinazoandikwa, nyingine, kama GitHub Desktop na TortoiseGit, huwa na vitufe na menyu. Tofauti zao ni za urahisi wa kazi, kwa sababu zote huisoma kumbukumbu moja. Programu za hojaji, kinyume chake, hutofautiana katika kiini chenyewe, yaani katika namna kila moja inavyokumbuka, au kusahau, maneno ya zamani ya swali lililokwisha kubadilishwa.

Jambo hilo lina uzito mkubwa Goma, ambako fomu iliyoandikwa kwa Kifaransa hutafsiriwa kwa Kiswahili cha Kongo na pengine kwa Kinyarwanda au Kinande, hujaribiwa, husahihishwa, kisha hupelekwa kwenye simu za wahojaji ambao baadhi yao wako nje ya mtandao wakiwa bado na fomu ya zamani. Swali la kama mtu alipata msaada likibadilishwa kuwa la kama kaya yake iliupata katika siku 30 zilizopita, majibu ya maswali mawili tofauti yanaweza kukaa katika safu moja. KoboToolbox huipa kila fomu iliyosambazwa upya alama ya toleo lake, na alama hiyo huambatana na kila jibu. Ila haimlazimishi mwandishi kueleza sababu ya badiliko, ilhali Git kwa kawaida hudai maelezo kabla ya kuhifadhi chochote. Huo ni upungufu mkubwa, maana mchambuzi hujua kwamba swali lilibadilika bila kujua kosa lililokuwa likirekebishwa.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukafika Goma Julai 2019 na kuua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020, uliligeuza tatizo hilo. Hofu na shuku za watu hazikuweza kutabiriwa na kuwekwa katika orodha ya majibu, hivyo wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikusanya maneno yaliyosemwa, yakapangwa baadaye kwa mafungu ya maana. Katika utaratibu wa namna hii chenye matoleo ni orodha ya mafungu yenyewe, na fungu lisiloonekana katika mwezi fulani laweza kumaanisha kwamba watu hawakuwa na hofu hiyo, au kwamba walikuwa nayo kabla mtu yeyote hajaitengea mahali pa kuandikwa.