Jinsi Programu Zilivyofika Mikononi mwa Watu

Jembe likinunuliwa hutiwa mpini kwanza, ndipo mkulima aende nalo shambani. Programu ya kompyuta nayo yataka kutiwa mpini wake. Sharti iingizwe katika chombo, iwekwe mahali pake na ipatanishwe na programu zilizoitangulia, ndipo iweze kufanya kazi. Tendo hilo huitwa kusakinisha. Kwa miaka mingi lilikuwa ukuta kati ya watu wa kawaida na manufaa ya kompyuta. Katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, jinsi ukuta huo ulivyobomolewa, na nitauchukua mtaa wa Langas, ulio upande wa kusini wa Eldoret, kuwa mfano. Maana mabadiliko hayo yaonekana wazi zaidi mahali ambapo wengi hawakupata kusomea ufundi wa kompyuta.

Tuanze na taabu yenyewe. Programu ya Windows 95, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwezi wa Agosti 1995, iliuzwa kwa namna mbili: katika sidii moja, au katika diski ndogo 13 za sumaku. Mwenye diski alitia ya kwanza akangoja, akaitoa akatia ya pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Diski moja ikiwa mbovu, kazi yote ilikwama. Katikati ya kazi hiyo kompyuta iliuliza maswali, tena kwa lugha ambayo wengi hawakuijua vema. Haishangazi kwamba katika miji yetu mtu aghalabu aliibeba kompyuta yake akaipeleka kwa fundi, akamlipa, akarudi nyumbani bila kujua lililotendeka.

Palikuwa na taabu nyingine iliyofichika zaidi. Programu hutegemeana. Kama vile ugali usivyopikika ikiwa pana unga lakini hapana maji wala moto, ndivyo programu moja isivyoweza kufanya kazi pasipo nyingine za kuisaidia. Mnamo mwaka 1993 kijana wa Kimarekani, Ian Murdock, alianzisha mradi wa Debian, ambao watu wa nchi nyingi waliuchangia kwa hiari. Toleo lake la mwaka 1999 lilikuja na chombo kiitwacho apt. Mtumiaji alitaja programu aliyoitaka, na apt ikaenda kuitafuta pamoja na zote zilizohitajiwa nayo, ikaziweka kwa utaratibu. Kazi iliyokuwa ikimtoa mtu jasho ilihamia kwa wale walioziandaa programu hizo.

Kikwazo cha lugha nacho kilipata watu wa kukishughulikia. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia na kupigia hesabu ambazo maneno yake yote ni ya Kiswahili. Hapana shaka jambo hilo lilikuwa la heri. Walakini lilimfaa tu aliyekuwa na kompyuta, na wenye kompyuta katika Afrika ya Mashariki walikuwa wachache. Chombo kilichokuwa kikienea upesi mikononi mwa watu kilikuwa simu ya mkononi, na huko ndiko ukuta ulikobomokea.

Mwezi wa Oktoba 2005 kampuni ya Safaricom, pamoja na Vodafone ya Uingereza, ilianza majaribio nchini Kenya. Nia ya kwanza ilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo wa shirika la Faulu kulipa mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioisimamia kazi hiyo, waliona kwamba watu waliigeuza huduma ile ikawa ya kutumiana fedha wao kwa wao. Basi mpango ukapunguzwa, yakaachwa yaliyowatatiza watu, na tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa wito mmoja mfupi: tuma pesa nyumbani.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya fumbo lililowakabili mafundi. Simu za wakati ule zilikuwa za aina nyingi, na zilizo nyingi hazikuwa na intaneti. Programu ingewezaje kusakinishwa katika mamilioni ya simu, na wenyewe hawajui hata neno kusakinisha? Jibu lao lilikuwa kuiacha simu kama ilivyo, na kuiweka programu ndani ya kadi ya laini. Mwenye laini ya zamani aliipata mpya iliyokuwa na orodha ya M-Pesa ndani yake. Alikwenda kwa wakala na kitambulisho chake, akaandikishwa, akachagua namba ya siri, na kazi ikaisha. Orodha ile ilifunguka katika simu ya bei ya chini kama katika simu ya tajiri, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kabla ya mwaka 2007 kwisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni moja.

Langas ni mtaa wa watu waliotoka pande nyingi kutafuta riziki mjini: waashi, wauza mboga, washonaji, vibarua na waendesha bodaboda. Watu wa namna hiyo wana wazazi na watoto mashambani wanaowangoja. Zamani fedha zilipelekwa kwa hawala ya posta, au zilikabidhiwa dereva wa matatu au jamaa anayesafiri, na mtumaji alikaa na wasiwasi mpaka apate habari. Kibanda cha wakala kilipofunguliwa kando ya njia, mama asiyepata kugusa kompyuta akawa mtumiaji wa programu, wala hakuitwa mwanafunzi wa jambo lolote. Wakala ndiye aliyekuwa fundi wake na mwalimu wake.

Jambo hili lilipimwa mapema kwa moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliikumba nchi, na Eldoret ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia sana. Njia zilizibwa na maduka yakafungwa. Wakenya wengi waliwatumia jamaa zao waliokwama fedha na muda wa maongezi kwa simu. Huduma ya kumhitaji fundi isingefaa kitu siku zile, kwa kuwa fundi naye alikuwa amejificha.

Hata hivyo, urahisi una upande wake wa pili. Mwaka 2008 kampuni za Apple na Google zilifungua maduka ya programu, na simu za kisasa za bei nafuu zilipoingia Kenya kuanzia mwaka 2011, kusakinisha kukawa kubonyeza mara moja tu. Ndipo zikaja programu za mikopo. Mtu mwenye dhiki aliombwa ruhusa, akabonyeza kukubali bila kusoma, kumbe ameuziwa mbuzi kwenye gunia: ameifungulia programu majina na namba za watu wote anaowajua. Alipochelewa kulipa, shemeji yake na mwajiri wake walipigiwa simu, akaaibishwa. Malalamiko yalikuwa mengi hata dola ikaingilia kati. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019, na mwaka 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya zikakataza wakopeshaji kuitumia orodha ya namba za mkopaji ili kuwasumbua watu wake.

Twajifunza nini? Kwamba kazi ya kusakinisha haikufutwa kamwe, ilihamishwa tu. Ilitoka kwa mwenye chombo ikaenda kwa fundi wa mjini, kisha kwa mtengenezaji na wakala. Pamoja na kazi ilihama pia amri, yaani uwezo wa kusema kipi kiingie na kipi kibaki nje. Waliotengeneza M-Pesa waliibeba kazi, wakamwachia mwenye simu namba yake ya siri. Baadhi ya wakopeshaji waliibeba kazi, wakachukua na ufunguo wa nyumba.

Baadhi yenu mnaosoma insha hii mtakuwa watengenezaji wa programu. Ubebeni mzigo wa asiyejua, maana ujuzi wenu ndio unaowawezesha kuubeba, lakini ufunguo mwachieni mwenyewe. Nanyi wengine, kabla ya kubonyeza kukubali, someni ni ruhusa gani inayoombwa. Na nyumbani akiwapo mzee asiyeweza kusoma maneno hayo, msomeeni polepole, kisha mngoje aamue mwenyewe.