Wanafunzi Wenye Gazeti: Historia ya Shule ya Missouri

Mvuvi wa ziwa Tanganyika hamfundishi mwanawe kuvua kwa kumwandikia ubaoni. Humketisha ndani ya mtumbwi usiku, humtia kamba ya wavu mkononi, na kijana hujifunza palepale penye maji na upepo. Akikosea, samaki huenda zao, na jamaa hulala bila kitoweo. Ndivyo wazee wetu walivyofundisha uhunzi, ufinyanzi na kilimo.

Siku hizi kuna kazi za namna nyingine: kuandika magazeti, kunena katika radio, kupiga picha za sinema na za televisheni. Vijana wengi wa parokia zetu wanazitamani, na wengine wanaingia vyuo vikuu kwa ajili yake. Wanatuuliza: Je, kazi kama hizo zinafundishwa kwa vitabu ama kwa mikono? Na sisi wakatekista twajiuliza neno lingine: Mtu akiisha kuzoea kazi yake vizuri, je, moyo wake nao umefundishwa? Ili tupate jibu, tuitazame shule moja ya Marekani iliyo maarufu kwa jambo hili. Katika historia yake kuna mambo ya kusifu, na kuna mambo ya kusikitisha.

Mwanzo wa shule

Katika jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, upo mji uitwao Columbia. Huko aliishi Walter Williams, aliyezaliwa mwaka 1864 katika mji wa Boonville, jimbo lilo hilo. Mtu huyu hakusoma chuo kikuu. Alianza angali kijana katika nyumba ya kupigia chapa, akapanda polepole hata akawa mkuu wa gazeti mjini Columbia.

Zamani zile watu wengi wa magazeti walidhani kwamba kazi yao haina shule: mtu huzaliwa nayo, ama huiokota kazini tu. Walimu wengi wa vyuo vikuu nao waliidharau, wakasema hiyo si elimu. Williams na wenzake wa magazeti ya jimbo walishika shauri lao miaka mingi bila kuchoka. Ndipo mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Missouri kilipofungua shule ya waandishi wa habari, na Williams akawa mkuu wake wa kwanza. Katika New York tajiri Joseph Pulitzer alikuwa ameahidi fedha nyingi kwa shule ya namna hiyo tangu mwaka 1903, lakini shule yake ilifunguliwa mwaka 1912, yeye mwenyewe akiwa ameisha kufa.

Siku ya kwanza ya masomo ya Missouri ilikuwa tarehe 14 Septemba 1908. Na siku ile ile gazeti la shule, University Missourian, likatoka. Halikuwa gazeti la kuchezea, la kusomwa na mwalimu na kutupwa. Lilikuwa gazeti la mji. Liliuzwa kwa watu, lilitafuta matangazo ya wafanyabiashara, liliandika habari za baraza na za mahakama. Williams alikuwa na walimu wawili pamoja naye, Silas Bent na Charles Ross. Wanafunzi walitoka kwenda kutafuta habari kwa miguu yao, wakarudi na kuziandika. Walimu wakasahihisha, na mashine ikapiga chapa.

Tufikiri kidogo juu ya nguvu ya njia hiyo. Kosa la daftari linaonwa na mwalimu peke yake. Anatia wino mwekundu na mambo yamekwisha. Kosa la gazeti linaonwa na mji mzima. Ukikosea jina la mtu, yeye mwenyewe atabisha hodi kesho. Ukiandika kwamba fulani ni mwizi, naye siye, umemwibia jina lake, na deni hilo ni zito kuliko deni la fedha. Basi mwanafunzi anajifunza kuogopa uwongo kwa sababu anamwona kwa macho yule anayeumizwa nao.

Magumu hayakukosa. Wenye magazeti mengine walinung'unika kwamba gazeti la chuo cha serikali linawanyang'anya matangazo yao. Basi gazeti likatengwa na fedha ya serikali, likapewa chama chake lenyewe. Kwa hiyo wanafunzi wakajifunza na neno hili: gazeti ni lazima lilipe karatasi na wino wake.

Njia hiyo ikaenea, watu wakaiita njia ya Missouri. Charles Ross, yule mwalimu wa kwanza, baadaye alikuwa msemaji wa Rais Truman mbele ya waandishi wa habari tangu mwaka 1945 hata kufa kwake mwaka 1950. Tarehe 21 Desemba 1953 chuo kikuu kikafungua kituo cha televisheni, KOMU. Nacho kilikuwa kituo kamili, chenye watazamaji na matangazo ya biashara, na ndani yake wanafunzi wanatafuta na kutoa habari. Mwaka 1972 ikafuata radio, KBIA. Gazeti nalo lingaliko mpaka leo, na jina lake ni Columbia Missourian.

Usiku wa Aprili 1923

Sasa tufike mahali pagumu. Mwezi wa Aprili 1923 mtu mweusi mmoja, James T. Scott, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika chuo kikuu kile kile, alikamatwa. Alishtakiwa kwamba alimshambulia msichana mzungu, binti wa profesa mmoja. Hukumu haikuwa bado. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili kundi kubwa la watu likavunja gereza, likamtoa Scott, likampeleka kwenye daraja moja la mji. Baba wa msichana mwenyewe aliwasihi watu waache, sheria ifanye kazi yake. Hawakumsikia. Wakamtia Scott kamba shingoni, wakamtupa toka darajani, akafa. Na kati ya watazamaji walikuwamo wanafunzi wa chuo kikuu.

Mwanafunzi mmoja hakuwapo kwa kutazama tu. Charles Nutter, kijana wa shule ya waandishi wa habari, alikuwa akilifanyia kazi gazeti la shule. Alisimama karibu, akamsikia Scott akisema kwamba hana hatia. Akayaandika aliyoyaona. Tena, mtu mmoja mwenye jina mjini aliposhtakiwa kwa mauaji yale, Nutter akaingia mahakamani, akashuhudia mbele ya wote. Wasomaji, fikirini: kijana mgeni wa kazi, kati ya mji ambao watu wake wengi walikuwa wametenda jambo lile ama wamelinyamazia! Wazee wa mahakama walishauriana dakika chache tu, wakamwachilia mshtakiwa. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kifo cha Scott. Mwaka 2016 bamba la ukumbusho likawekwa karibu na mahali pale, miaka 93 baadaye.

Je, ushuhuda wa Nutter ulikuwa bure? Hapana. Kama asingaliandika na kushuhudia, sisi leo tusingalijua vema yaliyotendeka. Yeye alijifunza katika usiku mmoja somo lisilokuwamo katika kitabu: mwandishi wa habari ni shahidi, na shahidi akinyamaza, mnyonge amekufa mara mbili.

Mlango uliofungwa

Lakini shule hiyo hiyo iliyofundisha ushuhuda iliwahi kumfungia mtu mlango. Lucile Bluford, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1911, alikuwa amesoma uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Kansas, akamaliza mwaka 1932. Alikuwa akifanya kazi katika Kansas City Call, gazeti la watu weusi. Mwaka 1939 aliomba kuingia masomo ya juu katika shule ya Missouri. Kwa barua alikubaliwa, maana karatasi haina rangi ya ngozi. Alipofika mwenyewe, akakataliwa.

Alirudi tena na tena, akaenda mahakamani. Mwaka 1941 mahakama kuu ya jimbo ikaona kwamba ana haki, ikiwa hakuna shule ya namna hiyo kwa watu weusi. Shule ikafanya nini? Ikayafunga masomo yale ya juu kabisa, ikitoa sababu za vita. Bluford akarudi kwenye gazeti lake, akalitumikia miaka mingi sana, akawa mkuu wake. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Missouri kikampa shahada ya udaktari kwa heshima. Alikufa mwaka 2003.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu. Shule ile ilikuwa na njia njema kuliko nyingi. Iliijua mikono ya wanafunzi wake, ikaizoeza vizuri. Lakini ufundi wa mikono haukutosha kuuongoa moyo wa nyumba nzima. Mtu aweza kuandika habari za haki kila siku, naye asitende haki mlangoni pake. Tusiwahukumu wao tu, maana hata kwetu tumeona mwenye kunena vizuri katika radio akitumia sauti yake kuchochea kabila moja juu ya lingine. Ulimi hauna mfupa, wasema wazee. Na chombo kinachoupeleka ulimi katika nyumba elfu hakiutii mfupa.

Mafundisho ya Kanisa

Mama yetu Kanisa aliona mambo hayo. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliandika barua juu ya sinema, radio na televisheni. Tarehe 4 Desemba 1963 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitoa hati Inter mirifica. Walitaka mapadri, watawa na walei wapate ufundi wa vyombo hivyo, na shule ziongezwe ambamo waandishi wa habari na watengenezaji wa sinema na radio watafundishwa kazi yao pamoja na roho ya kikristu. Maneno hayo mawili, ufundi na roho, yameandamana.

Hata kabla ya Mtaguso, mwaka 1960, Mapadri Weupe, wale wale walioleta Injili katika nchi zetu za mashariki ya Kongo, walianza chuo huko Nyegezi, karibu na Mwanza, pwani ya ziwa Viktoria, wakati wa Askofu Joseph Blomjous. Mwaka 1998 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino, nacho chafundisha uandishi wa habari.

Basi na sisi katika parokia tunaweza kuanza kwa kidogo. Kijana anayetamani kazi hizo asiachwe kungoja chuo kikuu. Apewe kazi ya kweli: aandike habari za jumuiya, atengeneze kipindi cha mafundisho, apige picha za sikukuu. Lakini apewe na sheria zake. Kwanza, aende akaone mwenyewe, asiokote maneno ya njiani. Pili, ahakikishe majina. Tatu, anayeshtakiwa aulizwe naye. Nne, akikosea, akiri mbele ya wale wale aliowapotosha. Na mlezi wake asimwache peke yake. Asahihishe kila neno kabla halijatoka.

Tena mlango uwe wazi kwa wote: msichana kama mvulana, mtu wa kabila hili kama wa kabila lile, maskini kama mwenye mali. Kazi itauzoeza mkono. Moyo unahitaji Amri ya Nane, sala, na mfano wa watu kama kijana yule aliyesimama mahakamani. Mungu atupe vijana wa namna hiyo, na sisi tusiwafungie mlango.