Tembo, Moshi na Sheria katika Pwani ya Tanga

SOMO LA HISTORIA KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Wenye maandishi haya wafuate kwa kidole. Wasio nayo wasikilize tu, nao watayasoma baadaye.

Leo tutajifunza habari za kileo na sheria zake katika pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga. Mtu anaweza kuuliza, "Je, kileo nacho kina historia?" Kinayo. Tena ni historia ya fedha, ya kazi, ya mahakama, na ya uhai wa watu.

1. MGEMA NA MNAZI

Tuanze na mnazi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, amechukua kotama na kibuyu. Hukata ncha ya karara, na maji matamu hutona ndani ya kibuyu. Maji hayo yakiwa mabichi huitwa tembo tamu. Lakini hewani mna chachu, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Chachu hula sukari iliyomo na kuacha kileo mahali pake. Kabla siku haijaisha, lile tembo tamu limekuwa tembo kali. Likikaa zaidi huwa siki. Kwa hiyo tembo halisafiri mbali wala haliwekwi akiba. Hunywewa karibu na mnazi wake.

Karara lililogemwa halizai nazi. Basi mwenye shamba lazima achague: atake nazi na mbata, au atake tembo. Kwa Wabondei na Washambaa, ambako miwa hustawi, watu walikamua miwa wakatengeneza boha.

Wenyeji wengi wa miji ya pwani ni Waislamu, na dini yao inakataza kileo. Kwa hiyo, kabla ya sheria ya serikali yo yote, watu walikuwa tayari na hukumu ya dini na ya desturi. Hata hivyo tembo lilikuwapo. Nanyi mnaijua methali yetu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo yatuonyesha kwamba wazee wetu walimfahamu mgema, na walijua kuwa kinywaji kisichopimwa na mtu kinaweza kuchezewa. Likumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

2. SHERIA ZILIZOTOKA MBALI

Sheria za kwanza kubwa juu ya kileo hazikuandikwa Tanga. Ziliandikwa Ulaya. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba katika mji wa Brussels. Mkataba ule ulihusu hasa kukomesha biashara ya watumwa, lakini sehemu yake moja ilihusu vileo vikali vilivyoletwa Afrika kwa meli. Ilisema kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika vileo hivyo ama vikatazwe, ama vitozwe ushuru.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, tarehe 10 Septemba 1919, mkataba mwingine ulitiwa sahihi huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Huu ulikataza kuingiza vileo vikali vya bei rahisi. Kadhalika ulikataza kukeneka vileo katika nchi hizi, na kuingiza mitambo ya kukenekea. Mwaka 1922 Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, iliagizwa kuangalia sana uuzaji wa vileo vikali.

Je, sheria hizi zilikuwa za kulinda afya? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini zilikuwa na kasoro kubwa: zilitazama rangi ya mnywaji. Mzungu aliweza kununua wiski yake na kuinywa hotelini. Mwafrika akikutwa na wiski ile ile, alikuwa na kosa. Ubaguzi huo uliondolewa katika miaka ya 1950, karibu na mwisho wa utawala wa Waingereza. Kwa muda mrefu, basi, watu wengi waliiona sheria ya kileo kuwa sheria ya kumtawala Mwafrika. Hawakuiona kuwa sheria ya kumlinda.

3. MKONGE, MSHAHARA NA KILABU

Mwaka 1893 kazi ya kujenga reli ilianza Tanga. Katika miaka hiyo hiyo mkonge ulianza kupandwa upande wa Pangani. Baadaye mashamba ya mkonge yakaenea Muheza, Korogwe na kwingineko. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kazi yao iliandikwa katika kipande, na kipande kikijaa siku 30 ndipo walipopata mshahara.

Mtu aliye mbali na kwao, mwenye fedha mkononi na asiye na jamaa, hutafuta mahali pa kukaa na wenzake. Basi kandokando ya makambi pombe ilipikwa na kuuzwa. Wapishi wake walikuwa wanawake kwa wingi. Kwa mwanamke asiye na shamba wala mume, sufuria ya pombe ilikuwa ndiyo kodi ya nyumba, nguo, na chakula cha watoto.

Serikali ilitazama jambo hili kwa macho mawili. Jicho moja liliona fujo, na watu wasiofika kazini siku ya pili. Jicho jingine liliona fedha. Sheria ya mamlaka ya wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa watawala wa wenyeji uwezo wa kutoa amri juu ya kutengeneza, kuuza na kunywa vileo. Katika miji, pombe iliwekewa leseni, saa maalumu, na mahali maalumu palipoitwa kilabu. Aliyelipa leseni aliuza mchana kweupe. Aliyeshindwa kulipa aliuza kwa kujificha, na askari wakimkamata pombe yake ilimwagwa.

Watu wale hawakuwa watu wa kudharauliwa. Huko Dar es Salaam, wanawake wapika pombe walikuwa miongoni mwa wanawake walioiunga mkono TANU mapema, baada ya chama hicho kuanzishwa mwaka 1954.

4. MOSHI NA GONGO

Sasa tufike kwenye kileo kilicholeta hatari zaidi. Ni moshi, na hapa hatusemi mji wa Moshi. Pombe iliyochacha ikichemshwa, kileo hugeuka mvuke kabla ya maji, kwa sababu kileo huchemka kwenye nyuzi 78 na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mvuke ukipitishwa katika mrija na kupozwa, hudondoka kileo kikali. Hicho ndicho moshi, ambacho wengi hukiita gongo. Huko Kenya huitwa chang'aa, na Uganda huitwa waragi au enguli.

Mwaka 1966 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Namba 62 juu ya kutengeneza na kukeneka moshi. Sheria hiyo ilidai leseni, na kumfanya mtu atengenezaye moshi bila leseni kuwa na hatia. Uganda nayo ilikuwa imeweka sheria ya namna hiyo juu ya enguli. Mwaka 1968 ikafuata sheria ya vileo kwa jumla, pamoja na leseni za baa na vilabu.

Basi, polisi walipewa kazi kubwa. Lakini mtambo wa gongo ni pipa na mrija. Ukivunjwa leo, kesho mwingine huwashwa kichakani. Anayekamatwa mara nyingi ni mama mwenye madumu mawili. Mwenye kuletewa mzigo mkubwa hukaa mbali.

5. SUMU ISIYOONEKANA

Kwa nini basi serikali isiiache gongo? Hapa, wanafunzi, tusikilize vizuri.

Gongo haipimwi na mtu. Mrija ukiwa umetolewa katika rejeta kuukuu ya gari, madini ya risasi yanaweza kuingia katika kinywaji na kumdhuru mtu polepole. Hatari ya ghafla zaidi ni methanoli. Hii ni spiriti ya viwandani, rangi yake kama maji, na harufu yake karibu sawa na kileo. Muuzaji mwenye tamaa huitia katika kinywaji ili kiwe kikali na kingi. Ndiye yule mgema wa methali, ila safari hii hakutia maji, ametia sumu. Mwezi wa Novemba 2000 huko Nairobi, kinywaji cha namna hii kiliua watu zaidi ya 100, na wengine walipofuka.

Dalili za methanoli huweza kukawia saa nyingi, hata siku nzima. Mgonjwa huumwa kichwa na tumbo, hutapika, huona ukungu machoni, na hupumua kwa shida. Akiwa hivyo, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msimwache alale mkidhani pombe itamtoka. Tena mwelezeni daktari kweli alichokunywa. Hapa ndipo sheria na afya zinapoweza kugombana: watu wakiogopa polisi kuliko kifo, humficha mgonjwa ndani mpaka amechelewa.

6. VIROBA

Hata kileo cha kiwandani chenye leseni kinaweza kuleta taabu. Kwa miaka kadhaa vileo vikali viliuzwa Tanzania katika vipakiti vidogo vya plastiki vilivyoitwa viroba. Bei yake ilikuwa ndogo, na mtoto wa shule aliweza kukificha mfukoni. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Sheria hiyo haikumkataza mtu mzima kunywa. Ilibadili kipimo na chombo, na hivyo ikawa vigumu zaidi kileo kumfikia mtoto kwa fedha kidogo.

Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2010. Iliruhusu chang'aa, kwa masharti kwamba ipimwe na itiwe katika chupa za kioo. Hata hivyo, mwaka 2014 methanoli iliua watu tena huko Kenya. Kwa hiyo kukataza peke yake hakutoshi, na kuruhusu peke yake hakutoshi. Lazima awepo mtu wa kupima, na lazima mama mpika gongo apate kazi nyingine ya kumlisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini tembo halikuweza kuuzwa mbali na mnazi wake?
2. Taja sababu tatu zilizofanya serikali mbalimbali kuweka sheria za kileo. Ni ipi unayoikubali zaidi?
3. Jirani yako amekunywa gongo, na sasa anasema haoni vizuri. Utafanya nini kwanza?
4. Ukiwa diwani, nawe unayo fedha kidogo tu, je, utaongeza polisi, utampa mpika gongo mtaji wa kazi nyingine, au utanunua vipimo? Toa sababu zako, na msikilize mwenzako akitoa zake.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

mgema, kotama, karara, chachu, ushuru, udhamini, leseni, kukeneka, mvuke, marufuku.

Mwalimu, tafadhali waache wanafunzi wasome sehemu ya tano kwa sauti, mmoja mmoja, kabla ya kwenda nyumbani. Kwaherini.