Sir Abdool Razack Mohamed na Suala la Uwakilishi wa Waislamu wa Morisi

Suala la jamii ndogo katika nchi inayokaribia kujitawala lina pande mbili. Upande mmoja ni haki ya jamii hiyo kusikika pale sheria zinapotungwa. Upande wa pili ni hatari kwamba kinga iliyowekwa kwa ajili yake itageuka ukuta wa kuitenga na wenzake. Maisha ya Sir Abdool Razack Mohamed (1906–1978), kiongozi wa Waislamu wa Morisi, yanazionyesha pande zote mbili kwa uwazi usio wa kawaida. Makala haya yanakusudia kueleza alichopigania, njia aliyoifuata, na kilichobaki baada yake.

Asili ya jamii

Mohamed alizaliwa Calcutta na kuhamia Morisi mwaka 1928, akaingia katika biashara mjini Port Louis. Jamii aliyoikuta ilikuwa na tabaka mbili. Walio wengi walikuwa wajukuu wa vibarua wa mikataba walioletwa kutoka Bihar na sehemu nyingine za India kulima miwa baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1835. Wachache, lakini wenye mali, walikuwa wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch, ambao ndio walioujenga msikiti mkuu wa Jummah katikati ya mji. Kwa jumla Waislamu walikuwa takriban mtu mmoja katika kila sita.

Lugha haikuweza kuwaunganisha watu hawa. Wazao wa vibarua walisema Kibhojpuri sawasawa na majirani zao Wahindu. Wafanyabiashara walitumia Kigujarati au Kikachchi. Kiurdu kilikuwa lugha ya madrasa na ya heshima, wala si ya jikoni. Na Kikrioli kilikuwa kikienea katika nyumba za wote. Kwa hiyo jina “Mwislamu”, kama jina la kisiasa, halikutokana na lugha wala kabila. Lilijengwa hatua kwa hatua, na sheria za uchaguzi zilichangia sana katika ujenzi huo.

Kura na kusoma

Hadi vita kuu ya pili kura ilikuwa mali ya matajiri. Katiba mpya iliyotumika katika uchaguzi wa 1948 ilimruhusu kupiga kura kila mtu mzima, mwanamume au mwanamke, aliyeweza kusoma na kuandika sentensi nyepesi kwa lugha yoyote kati ya zile zilizotambuliwa kisiwani, zikiwemo Kihindi, Kiurdu, Kitamil, Kichina na hata Kikrioli. Wapiga kura waliongezeka kutoka takriban 12,000 hadi zaidi ya 70,000. Wanafunzi wa lugha wangefaa kuuzingatia mfano huu: ni nadra katika historia ya ukoloni lugha za watu wa chini kufanywa mlango wa kuingilia katika siasa.

Hata hivyo mlango huo uliwafaa zaidi walio wengi. Mwaka 1948 hakuna Mwislamu hata mmoja aliyechaguliwa, na ilibidi Gavana ateue. Waislamu walikuwa wametawanyika katika majimbo yote, na hakuna mahali, isipokuwa mitaa michache ya Port Louis, ambapo idadi yao ilitosha kumpitisha mgombea wao. Hapo ndipo lilipozaliwa swali lililoongoza maisha yote ya Mohamed: idadi isiyo ndogo, lakini iliyotawanyika, itapataje sauti?

Kutoka baraza la mji hadi chama

Mohamed alijijengea jina kwanza katika baraza la mji wa Port Louis, akawa Meya zaidi ya mara moja. Katika miaka hiyo alikuwa karibu na kundi la Jules Koenig, mwanasheria aliyewaongoza wale waliohofia nguvu ya Chama cha Leba cha Seewoosagur Ramgoolam. Ushirikiano huo haukudumu. Kura kwa watu wazima wote ilipokuwa imekwisha kuamuliwa, tume ya Sir Malcolm Trustram Eve iliigawa nchi mwaka 1958 katika majimbo 40 yenye mjumbe mmoja mmoja, ikijitahidi kila jamii kubwa ipate nafasi. Mohamed aliitambua fursa. Alianzisha chama chake, Comité d'Action Musulman, na kuungana na Leba. Katika uchaguzi wa Machi 1959 chama hicho kilipata viti 5. Mwaka 1963 kilipata 4.

Akiwa waziri wa nyumba alikabiliwa na balaa la vimbunga vya Alix na Carol vya mwanzoni mwa 1960, vilivyobomoa makumi ya maelfu ya nyumba. Mitaa ya nyumba za saruji iliyojengwa baadaye kwa ajili ya maskini ilibadilisha sura ya kisiwa, na waliohamia humo hawakuwa Waislamu peke yao. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwani wapinzani wake walizoea kumweleza kama mtu wa jamii moja tu.

London, 1965

Kilele cha maisha yake ni mkutano wa katiba wa Lancaster House, Septemba 1965. Chama cha Koenig kilitaka Morisi ibaki na uhusiano na Uingereza. Leba ilitaka uhuru. Mohamed aliunga mkono uhuru kwa sharti la kinga katika uchaguzi: ama daftari la kupigia kura la Waislamu peke yao, ama viti kugawanywa kwa kadiri ya kura. Hakupata lolote kati ya hayo, lakini suala lilikabidhiwa tume ya Banwell. Mapendekezo ya tume yalipozua ugomvi mwaka 1966, waziri mdogo wa makoloni, John Stonehouse, alikwenda Morisi na kufikia suluhu. Wajumbe 62 wangechaguliwa na wananchi wote pamoja bila kutengwa kwa dini wala asili. Kisha viti 8 vingetolewa kwa wagombea walioshindwa kwa kura nyingi kuliko wenzao, ili kurekebisha upungufu wa jamii zisizowakilishwa vya kutosha. Kwa Kiswahili twaweza kuwaita “washindwa bora”.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kulinganisha. Wizara ileile ya Makoloni ndiyo iliyowalazimisha Watanganyika mwaka 1958 kupiga kura tatu, kwa Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na ndiyo iliyotenga viti 20 kati ya 53 vya Kenya mwaka 1961 kwa Wazungu, Waasia na Waarabu. Mipango hiyo haikuishi. Ule wa Morisi uliishi, na sababu yake yaonekana wazi: haukumpa mtu yeyote kura iliyo nzito kuliko ya mwenziwe, wala haukuchukua nafasi ya ushindi wa walio wengi.

Lakini mkutano huohuo una ukurasa mwingine. Tarehe 23 Septemba 1965 Waingereza waliwataka viongozi wa Morisi wakubali visiwa vya Chagos vitengwe kwa ajili ya kambi ya kijeshi. Kumbukumbu za kikao zaonyesha kwamba Ramgoolam alikubali kimsingi, kwa niaba yake na ya Bissoondoyal na Mohamed. Paturau aliomba upinzani wake uandikwe. Wenyeji wa Chagos, wengi wao wazao wa watumwa kutoka Msumbiji na Madagaska, walikuja kuondolewa wote kufikia 1973. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utengaji huo haukutokana na hiari ya kweli ya watu. Shinikizo lilikuwa kubwa, na Mohamed hakuwa msemaji mkuu. Hata hivyo, mtu aliyefika London kutetea jamii ndogo isipuuzwe alikuwa mezani siku ambayo jamii ndogo zaidi, isiyo na chama wala mjumbe, ilipuuzwa kabisa.

Urithi

Uchaguzi wa Agosti 1967 uliwapa wapenda uhuru viti 39 dhidi ya 23, na washindwa bora waligawanywa wanne kwa wanne. Januari 1968, wiki chache kabla ya uhuru wa tarehe 12 Machi, ghasia baina ya Waislamu na Wakrioli mjini Port Louis ziliua watu zaidi ya ishirini, na majirani wa miaka mingi wakahamana. Katiba ilikuwa imegawa viti. Haikuweza kugawa imani. Kizazi kipya cha Waislamu kilianza kujiunga na MMM, chama kilichoanzishwa 1969 na kilichozungumzia tabaka badala ya jamii, na uchaguzi wa 1976 ulionyesha kwamba enzi ya chama cha Mohamed imepita. Alifariki miaka miwili baadaye.

Mpango wake ulidumu kuliko chama chake. Ulimlazimu kila mgombea kujitangaza kuwa Mhindu, Mwislamu, Mchina, au mmoja wa “wakazi kwa jumla”, kundi la wote wasiohesabiwa katika hayo matatu. Swali la jamii lilifutwa katika sensa baada ya 1972, lakini viti viliendelea kugawanywa kwa hesabu za mwaka huo. Mwaka 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona kwamba kumlazimisha mgombea kujitaja kwa msingi wa takwimu zilizochakaa kunakiuka haki yake. Mwaka 2014 sheria ya muda ilimruhusu kunyamaza katika uchaguzi wa mwaka huo tu.

Hukumu juu ya Mohamed, basi, isiwe nyepesi. Wanaomlaumu kwa kuigawa nchi husahau ule uchaguzi wa 1948 na baraza lisilo na mchaguliwa wake hata mmoja. Wanaomsifu bila kiasi husahau kwamba kinga isiyowekewa mwisho huwafunga watoto wa wale iliowakinga. Aliwapatia Waislamu wa Morisi nafasi ya kuingia katika taifa jipya bila hofu. Kuamua lini hofu hiyo imekwisha, na lini ngao iwekwe chini, aliwaachia waliokuja baada yake.