Datsun: jina lililofutwa na kampuni, likatunzwa na wapenzi wake

Yale mashindano ya Safari ya magari ya kale yanapopita Pwani, kuna gari moja ambalo wazee hulitambua kabla hawajasoma namba iliyobandikwa mlangoni. Gari hilo ni Datsun. Jina lenyewe halipo tena katika duka lolote la magari mapya. Kampuni ya Nissan ilianza kuliondoa sokoni mapema miaka ya 1980, ikalirudisha 2013, kisha ikalizika tena 2022. Lakini mpaka leo wapo watu Kenya, Japani na Marekani ambao ukiwaambia gari lao kuukuu ni Nissan, watakusahihisha kwa upole au kwa ukali.

Mimi ni wa kizazi kilichozaliwa wakati nembo hiyo ikibanduliwa kwenye magari. Sikuliona Datsun likishinda. Nimelirithi kwa masikio, kutoka kwa watu walioliendesha na mafundi waliolitengeneza. Na kwa kadiri ninavyowasikiliza, naona wengi hawalilii bati na injini. Wanachokitunza ni sifa iliyochumwa kwa jasho, na huudhika sifa hiyo inapoazimwa kuuzia kitu kisichoistahili.

Jina lilitoka wapi

Mwaka 1911 mhandisi Masujiro Hashimoto alianzisha karakana ya magari mjini Tokyo. Miaka mitatu baadaye karakana hiyo ilitoa gari lililoitwa DAT, herufi za kwanza za majina ya watu watatu waliomuunga mkono: Den, Aoyama na Takeuchi. Mwaka 1931 likaja gari dogo zaidi, likaitwa Datson, kwa maana ya mwana wa DAT kwa Kiingereza. Kikwazo kilikuwa kwamba kwa Kijapani sauti hiyo "son" yaweza kuleta maana ya hasara, na hakuna mfanyabiashara anayetaka neno hasara liandikwe mbele ya gari lake. Herufi moja ikageuzwa, mwisho wa jina ukawa "sun", yaani jua, lile lililo katika bendera ya Japani.

Wakati huohuo kampuni iliingia mikononi mwa Yoshisuke Aikawa, na mwaka 1934 shirika lake likachukua jina la Nissan. Kwa miaka mingi mpango ukawa huo: Nissan ni mwenye kiwanda, Datsun ni jina la magari yake madogo. Japani ilipoanza kuuza magari ng'ambo kwa wingi, jina lililopandishwa melini lilikuwa Datsun.

Sifa ilichumwa vipi

Huko Marekani kuna jina la mtu mmoja ambalo wapenzi wa Datsun hulitaja kama tunavyomtaja mwalimu wa chuo aliyesomesha mtaa mzima. Ni Yutaka Katayama, ambaye walimwita Bwana K. Mwaka 1958 aliongoza timu iliyopeleka magari mawili madogo ya Datsun katika mashindano ya kuizunguka Australia, na moja likashinda daraja lake. Baadaye alitumwa Marekani, akajenga biashara kwa kutembelea wauzaji na kusikiliza wateja walitaka nini.

Magari mawili ndiyo yaliyomjengea heshima. La kwanza ni 510, lililotoka 1967, ambalo kwetu lilijulikana zaidi kwa jina la 1600 SSS. Lilikuwa la bei ndogo, lakini kila gurudumu la nyuma lilicheza peke yake, kitu ambacho wakati huo magari mengi ya bei hiyo hayakuwa nacho. Mwaka 1971 na 1972 John Morton alishinda nalo ubingwa wa Trans-Am wa magari ya injini ndogo, katika timu ya Peter Brock.

La pili ni 240Z, lenye injini ya silinda sita, ambalo Marekani liliuzwa kwa dola 3,526 mwaka 1970. Huko Japani liliitwa Fairlady Z. Katayama aliona jina hilo halitawafaa wanunuzi wake Wamarekani, akaagiza nembo zibanduliwe na kubandikwa 240Z. Mwaka 1998 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Magari la Marekani, na alifariki 2015 akiwa na miaka 105.

Lakini mtihani mkubwa kuliko yote waliufanyia hapa kwetu. Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi iliendeshwa wakati wa Pasaka katika barabara zile zile za ng'ombe, vumbi, matope na mito iliyojaa. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hii kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuwa dereva wa Kenya, alimaliza akiwa na alama sawa na Harry Källström wa Sweden, naye pia katika Datsun, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana. Kisha kutoka 1979 mpaka 1982 Mehta na msoma ramani wake Mike Doughty walishinda mara nne mfululizo kwa magari ya aina ya Violet. Ushindi wa Mehta ukawa mitano.

Wajapani waliuelewa uzito wa jambo hili. Mwaka 1969 walitoa filamu kuhusu timu ya Datsun katika Safari, akiigiza nyota wao Yujiro Ishihara. Na lile gari la 240Z lililoshinda 1971 limehifadhiwa katika ghala la kumbukumbu la Nissan huko Zama, likiwa na makovu yake. Kwa hivyo mtu akisema Datsun ni jina la Kijapani, amesema kweli. Lakini kipande cha sifa yake kilifinyangwa katika udongo mwekundu wa Afrika Mashariki.

Kufutwa

Mwaka 1981, wakati Mehta bado anashinda, Nissan ilitangaza kwamba jina Datsun litaondolewa. Hoja ilikuwa moja: kampuni iwe na jina moja dunia nzima. Kwa muda magari yalibeba majina yote mawili, kubwa na dogo kando yake, mpaka kufikia 1986 Datsun likatoweka. Kubadilisha mabango ya wauzaji na kuwafundisha watu jina jipya kulimeza fedha nyingi. Hesabu inayotajwa mara kwa mara ni dola milioni 500 ukijumlisha yote.

Wapenzi wengi wa Datsun hawaoni kwamba hoja ya kampuni ilikuwa ya kijinga. Mwenye duka ana haki ya kubadilisha bango lake. Wanachosema ni kwamba ofisi ilihesabu gharama ya mabango ikasahau kuhesabu mapenzi ya watu. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Datsun lilikuwa limeshafika mahali pa kujiuza lenyewe, kisha kampuni ikalipa mamilioni ili jina lingine lianze kutembezwa.

Majina nayo hayafuati amri za ofisi. Hapa Kenya jina Nissan lilipofika, wananchi walilichukua wakalipa kazi yao: matatu ya abiria 14 ikaitwa Nissan, hata kama imeundwa na Toyota. Kampuni ilitaka jina lake lijulikane na kila mtu, na likajulikana, lakini mara nyingi lilikuwa juu ya gari la mshindani wake. Ni ushahidi kwamba jina likishaingia barabarani, mwenye kuamua maana yake ni abiria na utingo.

Kufufuliwa, na kosa lililoudhi

Machi 2012 mkuu wa Nissan wakati huo, Carlos Ghosn, alitangaza kwamba Datsun litarudi. Julai 2013 gari la kwanza, Datsun Go, lilioneshwa New Delhi. Soko lililolengwa lilikuwa India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini: watu wanaonunua gari jipya kwa mara ya kwanza, wenye kipato cha kubana. Wapenzi wengine walifurahi. Wengine walisema Datsun la zamani lilianza hivyohivyo, gari la bei ndogo kwa mtu wa kawaida, kwa hivyo acheni kiburi.

Novemba 2014 yakaja matokeo ya shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha. Go lilipata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Halikuwa na mifuko ya hewa, na bodi yake iliporomoka kiasi kwamba wapimaji walisema hata ingewekwa mifuko hiyo, isingesaidia. Shirika lilimtaka Ghosn aliondoe gari hilo sokoni. Nissan ilijibu kwamba gari limetimiza sheria za India. Jibu hilo lilikuwa kweli kisheria, na hapo ndipo penye uchungu wake.

Nadhani hiki ndicho kiini cha mjadala wote wa urithi wa Datsun. Mzee aliyeona 1600 SSS likitoka matopeni akiwa kijana atamwambia mwanawe, "Nunua Datsun, ni gari la kuaminika." Mwana atanunua kwa imani ya baba. Lakini imani ile ilichumwa na bodi nyingine, wahandisi wengine na jasho la watu wengine. Jina jema hung'ara gizani, ndivyo tulivyofunzwa, lakini halizuii bati kukunjika. Jina ni amana. Anayelirithi anarithi na deni lake.

Mauzo nayo hayakuridhisha. Uzalishaji Indonesia ulikoma 2020, Urusi ukafuata mwaka huohuo, na Aprili 2022 India ikafunga ukurasa.

Wapenzi wanasema nini leo

Ukiwasikiliza utakuta makundi matatu. Wapo wanaosema jina lipumzike, lisiguswe tena. Wapo wanaosema mrithi wa kweli ni ukoo wa Z, ambao Nissan imeuendeleza mpaka gari la karibuni lenye umbo linalokumbusha 240Z ya kwanza. Kwao urithi unakwenda na damu, si na nembo. Na wapo ambao hawabishani kabisa. Hawa wamo gerejini, wanatafuta kabureta, wanachomelea sakafu iliyoliwa na kutu, jambo ambalo sisi tunaoishi na hewa ya chumvi tunalijua vizuri.

Mimi niko na kundi hili la tatu. Kampuni haiwezi kuwapa hawa watu urithi, wala haiwezi kuwanyang'anya. Lakini muda unaweza. Mehta alifariki 2006, na wale mafundi waliokesha kando ya barabara miaka ya 1970 sasa ni wazee sana. Gari la Zama limehifadhiwa. Wanachokijua mafundi wetu hakijaandikwa popote wanapoweza kukisoma wajukuu wao. Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kufanya kazi katika magari hayo, au picha iliyofifia ya Datsun likikatiza mto, kaeni naye mwandike alichonacho, na nyuma ya picha mtie jina na mwaka. Na siku ukienda kununua gari, liwe na jina lolote lile, uliza kwanza lilipogongeshwa lilipata nyota ngapi.