Picha za Serengeti na Uaminifu wa Wapigaji Wake

Kata ya Kalemela imo katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, upande ule wa Ziwa Viktoria uitwao Ghuba ya Speke. Nchi hiyo ni ya Wasukuma, watu walimao pamba na mahindi, wavuao samaki na kufuga ng'ombe. Si mbali na hapo, mkono wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti umenyoka kuelekea ziwani, na lango lake la Ndabaka liko karibu na mji wa Lamadi. Hivyo basi, katika nchi moja huonekana vitu viwili ambavyo dunia imezoea kuvitazama mbalimbali: ng'ombe wa mtu na nyumbu wa mwitu. Lakini mtu aijuaye Serengeti kwa picha tu, awe yuko Ulaya, Marekani au Dar es Salaam, aghalabu hudhani kuwa ni nyika isiyo jirani wala mpaka. Dhana hiyo ilizaliwaje? Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya picha zenyewe, na hasa katika historia ya wapiga picha wa ridhaa, yaani wale wapigao kwa mapenzi yao wala si kwa ujira.

Sanaa ya kupiga picha ilipotangazwa Ulaya mwaka 1839, haikuwa kazi ya kila mtu. Ilihitaji vioo, dawa kali na subira nyingi. Mwaka 1853 wapenzi wa sanaa hiyo walianzisha chama chao mjini London, na vyama vingine vikafuata. Humo watu walionyeshana picha zao, wakasahihishana makosa na kufundishana siri za dawa na mwanga. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera ya Kodak iliyotiwa filamu ya picha 100; mwenye kamera alipozimaliza aliirudisha nzima kiwandani, nako picha zikasafishwa. Mwaka 1900 ikatoka kamera ya Brownie, bei yake dola moja. Tangu hapo mpiga picha wa ridhaa hakuwa tena tajiri peke yake.

Swali la kutengeneza picha lilizuka mapema katika vyama hivyo. Vioo vya zamani vilipokea mwanga wa buluu kupita kiasi. Basi aliyepiga picha ya bahari alipata maji mazuri na mbingu nyeupe tupu. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alitumia vioo viwili, kimoja cha bahari na kimoja cha mawingu, akavichapa juu ya karatasi moja. Mwaka 1857 Oscar Rejlander akaunganisha vioo zaidi ya 30 kuwa picha moja ya watu wengi. Wengine waliridhika na hila ndogo ya chumba cha giza: kukinga mwanga kwa kiganja mahali panapozidi weusi, na kuuachilia zaidi mahali palipofifia. Hila hiyo haikuongeza kitu wala kupunguza kitu. Ilikisaidia tu kilichokuwapo kionekane. Kwa hiyo, kabla hata ya karne ya 20 kuanza, njia mbili zilikwisha kutengana: ya kudhihirisha na ya kubuni.

Picha za wanyama wa mwitu wa nchi hii zilianzia katika njia ya kwanza, angalau kwa madai. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1865, hakuwa mpiga picha kwa kazi. Alikuwa mwindaji, na zamani za utawala wa Wajerumani alisafiri mara kadhaa katika nyika zilizo karibu na Kilimanjaro. Alichukua kamera nzito na unga wa magnesi, ambao huwaka ghafula na kutoa mwanga mkali, akawapiga picha wanyama usiku wakija kunywa maji au kukamata mawindo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905 na kusomwa sana. Msomaji aliahidiwa tangu ukurasa wa jina kuwa picha zimechapwa kwa uaminifu kama hati. Kwa watu wa Ulaya, ambao simba wao alikuwa wa kuchorwa, au wa kizimbani, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hata hivyo, simba wa Schillings hakuja kwa bahati. Alifungiwa punda au ng'ombe hai awe chambo, na kamera ikategwa mbele yake. Picha yenyewe haikuguswa, lakini tukio lilipangwa. Je, hiyo ni kweli au ni hila? Hukumu ya haki ni kwamba Schillings hakuficha. Alieleza katika kitabu jinsi alivyotega, alitega nini, na jinsi mitambo ilivyomshinda mara kwa mara. Kwa maelezo yale msomaji hujua ni nini alichokiona. Uaminifu wa picha haukukaa katika picha peke yake, bali katika picha na maneno yaliyofuatana nayo.

Nusu karne baadaye walikuja Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Baba alikuwa daktari wa mifugo na mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Katika mwaka 1958 waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia, wakahesabu wanyama wakubwa 366,980, na katika hao nyumbu 99,481. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ilitoka mwaka huo huo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani.

Katika mwaka 1959 pia mipaka ya hifadhi ilibadilishwa. Wamasai waliokuwa wakikaa ndani yake walihamia Ngorongoro, mahali palipotengwa ili watu na mifugo wakae pamoja na wanyama wa mwitu. Si filamu iliyofanya hivyo. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoamua, na Grzimek mwenyewe aliupinga mpaka mpya kwa kuwa nyumbu hawakuufuata. Lakini filamu na kitabu chake viliifundisha dunia namna ya kuitazama nchi hii: nyika pana, makundi yasiyohesabika, na mtu akitajwa zaidi kama hatari kwa wanyama. Wapiga picha wa ridhaa waliofuata, wageni wenye kamera shingoni, walikuja wakitafuta picha ile ile ambayo walikwisha kuiona. Ng'ombe akiingia mbele ya kamera, mgeni alingoja apite.

Mwaka 1990 ilitoka programu ya Photoshop, na chumba cha giza kikahamia katika kompyuta. Ndani yake vimo vyombo viwili vya kukinga na kuongeza mwanga, na mmoja wapo alama yake ni mkono wa mtu, kumbukumbu ya kiganja cha zamani. Lakini pamoja navyo kuna vyombo vya kufuta mti, kuhamisha ndege na kuzidisha kundi, tena bila kuacha kovu. Hofu haikuwa mpya: mwaka 1982 gazeti la National Geographic lilisogeza piramidi za Misri kwa kompyuta ili zienee katika jalada, likalaumiwa sana.

Ajabu ni kwamba aibu mbili kubwa zilizofuata katika mashindano mashuhuri ya picha za wanyama, yaliyoanza Uingereza mwaka 1965, hazikutoka katika kompyuta. Mwaka 2010 mshindi alinyang'anywa tuzo kwa picha ya mbwa-mwitu wa Hispania akiruka lango, kwa sababu waamuzi waliona kuwa yamkini mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 mwingine alinyang'anywa kwa picha ya mnyama wa Brazili alaye mchwa, waamuzi wakisema kuwa aliyeonekana pale ni ngozi iliyojazwa. Wapigaji wote wawili walikana. Lakini hoja iliyowahukumu ni ile ile: kama waamuzi walikuwa sawa, picha hazikuwa na doa la kompyuta, ila maneno yaliyofuatana nazo hayakuwa kweli. Hapa ndipo Schillings na chambo chake wanapowashinda.

Mwaka 2014 vyama vikubwa vya wapiga picha wa ridhaa, cha Uingereza, cha Marekani na shirikisho la kimataifa lililoundwa mwaka 1950, vilipatana juu ya maana ya picha ya asili. Kwa mapatano yale inaruhusiwa kukinga na kuongeza mwanga, kufuta vumbi lililoletwa na kamera, na kukata pembe za picha. Hairuhusiwi kuongeza, kuhamisha, kubadili wala kuondoa kitu kilichokuwapo. Ni sheria njema, nayo ni tunda la mabishano ya zaidi ya miaka 150. Lakini mapatano hayo hayo hukataa mifugo na mimea ya kupandwa, na humkubali mtu au kazi ya mikono yake kwa nadra tu. Basi mpiga picha akisimama upande wa Kalemela, akaona korongo akitembea kati ya ng'ombe, haruhusiwi kumfuta ng'ombe kwa kompyuta. Ila anaweza kugeuza kamera kidogo, au kukata pembe, na ng'ombe akatoweka bila sheria kuvunjwa. Ukingo wa picha hufanya kwa halali kazi ambayo kifutio kimekatazwa.

Yafaa kulinganisha na kazi nyingine iliyofanyika Serengeti kwenyewe. Tangu mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, kila moja ikijipiga yenyewe kitu kipitapo. Mwishoni mwa mwaka 2012 picha zilitolewa kwa umma, na watu wa ridhaa zaidi ya 28,000 waliojiandikisha wakasaidia kuwatambua wanyama. Katika mafungu ya picha milioni 1.2, yaliyokuwa na mnyama ni 322,653 tu. Yaliyobaki ni majani yaliyotikiswa na upepo, na joto la mchana. Kamera isiyochagua ilionyesha jambo ambalo kamera ichaguayo hulificha, kwamba nyika kwa saa nyingi ni kimya. Na kila picha ilikuja na mahali pake, tarehe yake na saa yake.

Hapana haja ya kuilegeza sheria ya uaminifu ili mtu na ng'ombe waingie. Linalotakiwa ni kuirefusha ifike hadi maneno. Mpiga picha na aandike alisimama wapi, alitega nini, alikata nini, na upande wa pili wa ukingo kulikuwa na nini. Mwaka 2019 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha kuwa shughuli za watu na mifugo katika mipaka ya Serengeti zinawasukuma wanyama kuelekea ndani. Picha zisizoonyesha mipaka haziwezi kumsaidia mtu kulielewa jambo hilo, wala kumtendea haki mkulima ambaye shamba lake liko upande huu wa mpaka na tembo upande ule. Picha njema ya Serengeti itakayopigwa kesho inaweza kuwa ya nyumbu peke yao. Lakini chini yake na yaandikwe maneno machache yatakayomjulisha mtazamaji kwamba mwanga ulioiangaza nyika ile, saa ile ile, uliangaza pia boma la ng'ombe.